Lubumbashi mpaka Kapiri Mposhi kwa miguu, mimi na mbwa wangu Watasema

Mlinzi wa Katuba aliuliza:

Wakubwa kwa wadogo, salamu. Naomba ushauri wa kweli, msinicheke.

Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Lubumbashi, naishi Katuba, nina miaka 34. Nafuga mbwa dume, nilimwita Watasema kwa sababu siku nilipomleta majirani wote walisema mtu asiye na nyumba yake anafuga mbwa wa nini. Sasa ana miaka minne. Nilimpima kwenye mizani ya muuza unga, kilo 24. Masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, rangi yake ni ya udongo wa kichuguu. Mbwa wa kijiji, baba hajulikani. Usiku tunalinda wote wawili, asubuhi tunarudi nyumbani kwa miguu, kilomita saba. Huu ni mwaka wa tatu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kapiri Mposhi, Zambia. Hatujaonana tangu tumzike mama. Mwaka ujao bosi ananipa likizo ya mwezi mmoja na nusu, na nimeamua kwenda kwa dada kwa miguu, mimi na Watasema, bila kupanda gari hata mara moja. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa, mpakani, ni kama kilomita 95, halafu Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, kisha Kapiri. Kwa hesabu zangu yote haifiki 400.

Wazo lilinijia niliposoma habari za yule Mmarekani, Tom Turcich, aliyetoka kwao New Jersey mwezi wa nne 2015 kuzunguka dunia kwa miguu. Alipofika Austin, Texas, akamchukua mbwa aliyekuwa hana mwenyewe, akamwita Savannah, na mwezi wa tano 2022 wakaingia nyumbani pamoja. Nchi 38, kilomita zaidi ya 40,000. Nikasema moyoni, Watasema atashindwa na barabara ya Kasumbalesa?

Nataka kujua mbwa kama wangu anaweza kilomita ngapi kwa siku, mpakani wanadai karatasi gani, tulale wapi, na mwezi gani ni mzuri. Ninachoogopa ni kimoja tu, kumuua mbwa wangu kwa sababu ya tamaa yangu.

---

Baba Pacha, Bukavu:

Ndugu, sijawahi kutembea na mbwa zaidi ya kutoka Kadutu mpaka ziwani, kwa hiyo ya barabara nawaachia wenye kuijua. Nasema moja tu. Kabla ya viatu, kabla ya mfuko, chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya Watasema, na ya kwako pia.

Mtoto wa jirani yangu aliumwa mguuni na mbwa wa mtaani. Kidonda kilikuwa kidogo, wakampaka majani, kikafunga, wakasahau. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Sitaeleza yaliyofuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka, na karibu wote walipewa ugonjwa huo na mbwa. Ukishaanza kuonekana, hakuna hospitali inayokurudisha.

Wewe utapita vijijini na mbwa mgeni, na mbwa wa kila kijiji watatoka. Ukiumwa, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, ukitazama saa, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Na nenda uchanjwe wewe mwenyewe kabla ya kuondoka, mwili uwe umejiandaa.

---

Mama Zinki:

Mwanangu Mlinzi, soma polepole. Nimeandika mpaka umeme umekata mara mbili.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule ya msingi Likasi miaka 29. Mwaka 2018, nikiwa na miaka 56, nilitembea na jike langu Zinki kutoka Lubumbashi hadi Kitwe kwa kaka yangu. Nilimwita Zinki kwa sababu rangi yake ni ya bati la zamani. Tulitumia siku 19, na saba kati ya hizo hatukupiga hata hatua moja. Hizo saba njo nataka kukueleza, maana zote zilikuwa kosa langu, isipokuwa mbili.

Siku ya kwanza tulitembea kilomita 20. Siku ya pili nikaona mkia wa Zinki uko juu, ananitangulia, anakimbiza panzi, nikajiambia huyu hajachoka, nikamvuta mpaka 28. Tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Usiku nikasikia analamba. Analamba, anaacha, analamba tena. Nikawasha tochi nikainua mguu wake wa mbele. Ngozi ya wayo ilikuwa imebanduka kama ganda la nyanya uliyoimwagia maji ya moto, na chini yake nyama nyekundu. Mchana ule wote alitembea juu ya kidonda na hakulia hata mara moja.

Mtoto akichoka analia. Punda akichoka anasimama, hata umpige. Mbwa akichoka anakutazama usoni, na ukiendelea, naye anaendelea. Atakufuata mpaka aanguke. Kwa hiyo swali lako la kilomita ngapi kwa siku, usimuulize mkia. Kaa naye chini kila jioni kabla wewe hujala. Inua miguu yote minne, tenganisha vidole kwa vidole vyako, tafuta mchanga, mwiba, mpasuko, kupe. Halafu mfungue mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole gumba, uachie. Utakuwa mweupe kidogo kisha rangi ya waridi irudi, kabla hujahesabu mbili. Isiporudi upesi, au ukikuta ufizi mweupe kama karatasi hata kabla ya kubonyeza, kesho hamwendi popote.

Anza na kilomita 15, wiki nzima. Watasema amezoea saba, na ni za lami ya asubuhi. Kama nyayo zinakaa vizuri, panda hadi 20. Siku ya tano mpumzike, hata kama yeye anaruka. Kwa mwendo huo Kapiri ni kama siku 25 au 26 pamoja na mapumziko, na likizo yako inatosha. Miaka minne ni umri mzuri. Mbwa mdogo ambaye hajamaliza mwaka mmoja na nusu mifupa yake bado, safari kama hiyo inamharibu.

Mimi niliondoka mwezi wa tisa. Kosa. Lami ya mwezi wa tisa na wa kumi saa sita mchana ni kikaango. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye hawezi, ila yeye hana viatu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Ukiona ulimi umekuwa mpana, umetoka nje wote, mate mazito, na anahema hata akiwa amelala, mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na kwenye miguu, mpe anywe kidogo kidogo. Wewe ondoka katikati ya mwezi wa tano au mwezi wa sita. Mvua imekwisha, na moto wa nyika haujajaa moshi kila mahali. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kali huku kwetu, unajua mwenyewe kazini, mbebee gunia la kulalia. Mwanze njia saa kumi na moja alfajiri, msimame saa tatu au saa nne, mkae chini ya mwembe mpaka saa kumi jioni.

Maji: yeye peke yake, kwa kilo zake, akitembea, weka lita mbili kwa siku na zaidi kidogo. Yako wewe kando. Bidoni mbili za lita tano huwezi kuzibeba mgongoni kilomita 20, nakwambia nilijaribu. Yule Turcich alisukuma kigari cha mtoto. Mimi fundi wa kulehemu alinitengenezea pusipusi ndogo ya magurudumu mawili ya baiskeli, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu Zinki alipoumia alipanda humo.

Chakula ni bukari (ugali) na kapenta (dagaa wakavu), jioni, baada ya kupumzika saa nzima. Asubuhi tonge tu, mbwa asitembee tumbo limejaa. Kapenta zioshe chumvi mara mbili. Usimtilie mchuzi wenu wenye vitunguu, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Na dawa zako za maumivu usimpe. Kidonge cha ibuprofen ambacho kinakutuliza wewe, yeye kinamtoboa tumbo na kuua figo.

Sasa siku zile saba. Moja ilikuwa ya wayo. Mbili ni za mpaka. Nilikwenda ofisi moja nikapewa cheti cha afya cha Zinki, nikalipa, nikashukuru. Kasumbalesa wakakifungua: hakina kashe, yaani muhuri, wala tarehe. Ikabidi niache Zinki kwa mama mmoja muuza maandazi, nirudi Lubumbashi kwa basi, nirudi tena. Mwanangu, soma karatasi yako ukiwa bado mbele ya meza ya aliyekupa. Jina la mbwa, rangi, chanjo, tarehe, sahihi, kashe. Upande wa Zambia wanataka kibali cha kuingiza mnyama, kinatoka kwenye idara yao ya mifugo, na kinaombwa kabla, si pale getini. Dada yako anaweza kukufuatilia. Upande wetu utaonana na huduma ya karantini ya wanyama na mimea, ile SQAV. Chanjo ya kichaa ipigwe mapema, acha upite mwezi mzima kabla ya kuvuka. Na wewe beba kitabu chako cha njano cha homa ya manjano.

Kama hujui daktari wa mbwa, chuo kikuu chetu hapa Lubumbashi kina fakalte nzima ya tiba ya mifugo. Nenda uulize, ndiko mimi nilikofundishwa mambo ya ufizi.

Siku nne zilizobaki ni za kupe. Tulikuwa tumevuka, tuko Chililabombwe. Asubuhi Zinki akakataa kapenta. Zinki! Akaenda kukojoa kwenye majani na mkojo ukatoka rangi ya chai iliyokolea. Nikamfungua mdomo, ufizi mweupe. Nilimbeba kwenye pusipusi nikimwimbia kama mtoto mpaka kwa daktari wa mifugo, naye akamwangalia macho, akamgusa tumbo, akasema kupe, ugonjwa unaopasua damu. Akamchoma sindano. Akaniambia ningengoja siku moja zaidi ningekuwa nachimba kaburi. Siku nne nililala naye kwenye veranda ya mwenye nyumba, nikimpa maji kwa kijiko. Siku ya nne jioni alisimama mwenyewe, akaenda hadi mlangoni, akawabwekea kuku. Nililia mbele ya watu.

Kwa hiyo dawa ya kupe kabla ya kuondoka, na vidole vyako kila jioni, ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani. Usimwache aingie nyasi ndefu.

Jambo moja lingine. Mbwa wako kwa ulivyomweleza, masikio yamesimama na mkia umejikunja, anafanana na wale mbwa wa Kongo ambao Wazungu wanawaita basenji, wale wasiobweka sana, wawindaji wanawafunga njuga shingoni wasipotee porini. Wale wa kwanza kupelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa upesi kwa ugonjwa wa mbwa wa huko, ndiyo mpaka mwaka 1937 wengine wakapelekwa wakaishi. Mbwa hodari kwao, ugenini alikufa kwa kitu ambacho mwili wake haukukijua. Kwa hiyo usichanje kichaa peke yake. Mwambie daktari akuchanjie na magonjwa mengine, maana Watasema anakwenda kunusa mavi ya mbwa wa nchi nyingine.

---

Dereva wa Semi:

Nimeisoma yote. Mama Zinki, heshima yako.

Mimi napita barabara hiyo kila wiki na shaba, kwa hiyo naongea kama mtu aliye juu ya usukani. Ndugu Mlinzi, Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Ina maana hapa kwetu utembee upande wa kushoto, uyaone magari yanayokujia, na ukishavuka Kasumbalesa uhamie kulia. Na Watasema ahame pia: siku zote awe upande wa majani, wewe uwe kati yake na lami. Amezoea upande mmoja miaka mitatu, mfundishe upande wa pili kabla, la sivyo siku ya kwanza Zambia atakuwa anajivuta kuingia barabarani.

Kamba fupi. Sisi tukiwa na tani 30 nyuma, mbwa akiruka mbele hatuwezi kufanya kitu, na tukijaribu kumkwepa tunaua watu. Vaa kile kikoti kinachong'aa, na yeye mfunge kitambaa cha aina hiyo. Alfajiri jua likiwa chini usoni mwetu hatuoni kitu chochote.

Karibu na mpaka malori yanapanga foleni kilomita na kilomita. Pale chini kuna mafuta, vyuma, vyupa, na malori mengine yanabeba asidi ya migodini. Ukiona lami imelowa na hakuna mvua, mbebe. Na maji: usimwache anywe maji ya mito ya Copperbelt, ule mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia. Mwezi wa pili 2025 bwawa la taka za mgodi lilipasuka kule Chambishi, kati ya Chingola na Kitwe, asidi ikaingia kijito cha Mwambashi mpaka mto Kafue, samaki wakaelea wamekufa. Omba maji ya bomba kwa watu.

---

Mlinzi wa Katuba:

Mama, nimesoma mara tatu. Nimesoma sehemu ya wayo nikiwa kazini na Watasema amelala juu ya mguu wangu, nikainua miguu yake palepale kwa tochi. Mguu wa nyuma wa kulia una mpasuko mdogo katikati ya vidole. Sikuwa najua. Sijui una siku ngapi.

Ndugu dereva, hiyo ya kubadilisha upande sikuifikiria kabisa. Asante.

Mama, mbwa wa vijijini ulifanyaje? Watasema hapigani, lakini akichokozwa harudi nyuma. Na watu walikupokea na mbwa usiku?

---

Mama Zinki:

Mpasuko uoshe maji ya chumvi ya vuguvugu, ukauke vizuri, asitembee sana siku tano. Kama unanuka au umevimba, kwa daktari.

Mbwa wa vijijini wanakuja wakibweka, wanafanya duara. Usikimbie, na Watasema asikimbie. Inama tu, gusa ardhi kama unaokota jiwe. Mbwa wote wa huku wanajua maana ya mtu anayeinama, watarudi nyuma. Lakini usilitupe hilo jiwe, mwanangu. Yule mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe yuko nyuma ya mlango anakutazama, na ndiye utakayemwomba maji. Simama mbali, piga hodi kwa sauti, mwache mwenye nyumba aite mbwa wake.

Usiku sikuwahi kulala porini. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshafika kijijini, naulizia nyumba ya mkubwa wa kijiji. Huku kwetu unaongea Kiswahili, ukivuka ni Kibemba, sema "mwapoleni" kabla ya kusema kitu kingine. Namfunga Zinki kwenye mti nje ya uwanja kwanza, halafu naenda peke yangu kusalimia. Watu wanamwogopa mbwa wanayemwona anaingia, hawamwogopi mbwa waliyeambiwa habari zake. Nilikuwa nasema: nina mgeni mwingine, yuko pale mtini, ana miguu minne, amechanjwa, hiki ni kitabu chake. Mara tatu nilikataliwa, nikaenda kanisani au kituo cha polisi. Mara nyingine zote walitupa mahali, na watoto walikuwa wanakuja na sahani ya mabaki kabla sijaomba.

---

Baba Pacha, Bukavu:

Mama Zinki, samahani kuuliza. Zinki yuko?

---

Mama Zinki:

Yuko. Ana miaka 12 sasa, macho yameingia ukungu, anachechemea asubuhi mpaka jua limpashe. Kaka yangu alipofariki Kitwe mwaka jana nilikwenda kwa basi, na nilipotoa ile pusipusi stoo nibebee mizigo hadi kituoni, alitoka chini ya meza akaja kusimama kando ya gurudumu la kushoto, mahali pake. Ilibidi mjukuu wangu amshike.

---

Mlinzi wa Katuba:

Nawaletea habari. Nilingoja wiki mbili mguu ukapona, daktari akauona, akampiga chanjo mbili, na ya kichaa imeandikwa kwenye kitabu na tarehe na kashe, nimesoma nikiwa mbele ya meza. Mimi nimepata sindano ya kwanza, ya pili ni baada ya siku saba.

Jumamosi tulikwenda Kipushi, kilomita 30 hivi. Nilizigawanya siku mbili kama Mama alivyosema, tukalala kwa binamu njiani, Jumatatu tukarudi kwa basi dogo maana kazi ilikuwa inaningoja. Upande wa kushoto hadi katikati, halafu nikamhamishia kulia kumfundisha. Saa nzima alikuwa ananipita miguuni akitaka kurudi kwenye upande wake, nikaanguka mara moja. Kilomita tano za mwisho alikubali.

Mkia ulikuwa juu mwanzo mpaka mwisho. Jioni nikakaa chini kabla sijala, nikainua miguu. Mitatu mizima. Wa mbele wa kushoto wayo una joto kuliko mingine, ngozi haijapasuka. Ufizi unarudi kabla ya mbili. Kupe wanne, wawili kwenye sikio.

Mama, huo wayo wenye joto nimpumzishe siku ngapi?